Belti ya Taimingi Imekatika: Je, Gari Kuukuu Litengenezwe au Liachwe?

Gari kuukuu likizimika ghafla katikati ya mwendo, bila moshi, bila mlio wa chuma kusagana na bila taa ya joto kuwaka, kisha stata ikaizungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, jambo la kwanza la kushuku ni belti ya taimingi, mkanda wa mpira wenye meno unaoziendesha valvu za injini. Mimi lilinifika hili alasiri moja karibu na Msabaha, nikirudi Malindi kutoka Gede na Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE. Stata ililia kama cherehani inayokimbia bila nguo chini ya sindano. Fundi wa kwanza aliyefika alisikiliza mara moja tu, akaniambia injini imekufa na nianze kutafuta nyingine ya mtumba Mombasa. Wa pili alikuwa mzee aliyepita na baiskeli yake. Aliniambia, "Mwanangu, usiiwashe tena," akafungua kwa bisibisi kifuniko cha distribyuta, kile kigawa umeme wa plagi, akamwagiza kijana azungushe krenkshafti, mhimili mkuu wa injini, taratibu kwa spana, akanionyesha kwamba rota iliyomo ndani, ambayo huzungushwa kupitia belti hiyo, haisogei hata kidogo. Belti ilikuwa imekwisha meno, na injini yenyewe ilikuwa nzima.

Tangu siku hiyo nimewaona watu kadhaa hapa Malindi wakiuza gari kwa bei ya vyuma chakavu kwa sababu ya belti, na wengine wakimaliza akiba yao kwenye injini ya gari ambalo chesesi yake ilikuwa imeoza. Makosa yote mawili hutokana na kuamua kabla ya kujua. Ninayoyaeleza hapa ni namna ya kujua kwanza, kwa gharama ndogo, na mpangilio wa maswali ambayo mwenye gari anapaswa kuyajibu kabla ya kutoa shilingi yoyote kubwa.

Kabla ya kugusa ufunguo tena

Kosa linalofanyika sana barabarani ni kuendelea kupiga stata kwa matumaini kwamba injini itashika. Katika injini ambazo pistoni hufika mahali valvu zinapofungukia, kila mzunguko wa stata unaweza kupinda valvu nyingine iliyokuwa imesalimika. Kulisukuma gari la gia za mkono ili liwake ni vibaya zaidi, kwa kuwa uzito wa gari zima ndio unaoizungusha injini. Gari livutwe likiwa kwenye nyutro. Kama ni la otomatiki linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, magurudumu hayo yainuliwe, maana giaboksi nyingi za otomatiki hazisukumiwi oili injini ikiwa imezimika. Ukizimikiwa baina ya Garsen na Witu, mbali na fundi unayemwamini, gharama ya kuvutwa hadi Malindi iandikwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Ni kubwa, lakini ni nafuu kuliko kumruhusu mtu afungue hedi ya silinda, sehemu ya juu ya injini yenye valvu, kando ya barabara huku upepo ukipeperusha mchanga.

Kuthibitisha kwamba belti ndiyo iliyokatika hakuhitaji mashine. Katika magari mengi kifuniko cha juu cha belti kimeshikwa na boliti chache, na ukikifungua utaona kama belti imekatika, imelegea au imenyolewa meno. Usitosheke kuiona imekaa mahali pake: yangu ilikuwa imezunguka puli zote kama kawaida, ila kwenye puli ya chini ya krenkshafti palikuwa na upana wa vidole vinne usio na jino hata moja, na unga mweusi wa mpira umejaa ndani ya kifuniko. Njia nyingine ni kufungua kifuniko cha kutilia oili, ambapo katika injini nyingi kamshafti, mhimili unaofungua valvu, huonekana, na kutazama kama inasogea krenkshafti inapozungushwa kwa spana. Izungushwe kwa mkono, polepole, na ikikutana na ukinzani mgumu isimamishwe hapo hapo.

Injini yako ni ya aina gani

Belti ya taimingi huunganisha krenkshafti, ambayo pistoni zinaizungusha, na kamshafti, ambayo hufungua na kufunga valvu. Krenkshafti huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kamshafti, na belti ndiyo inayolinda uwiano huo. Ikikatika, kamshafti husimama ilipo, baadhi ya valvu zikibaki wazi, huku pistoni zikiendelea kupanda na kushuka kwa kasi iliyokuwapo. Kuna injini zilizoachiwa nafasi kiasi kwamba pistoni ikifika juu kabisa haigusi valvu iliyo wazi; hizi nitaziita injini zisizogonga. Nyingine, hasa zile zilizoundwa kwa mbano mkubwa, pistoni na valvu hutumia nafasi ile ile kwa nyakati tofauti, na belti ikikatika hukutana. Hizi ni injini za kugonga.

Tofauti hiyo ndiyo inayogawa gharama, kwa hiyo tafuta namba ya aina ya injini kwenye kibati kilichopigiliwa chini ya boneti au kwenye bloku yenyewe, usiridhike na jina la gari. Miongoni mwa Toyota za petroli zilizojaa barabara zetu, 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE za Corolla na Corona Premio za miaka ya 1990, pamoja na 3S-FE, ni injini zisizogonga. 1G-FE inahitaji uangalifu, kwani ile ya zamani haigongi, ilhali toleo lililotoka 1998 linagonga. Subaru zenye EJ20 ya kamshafti nne hugonga, na injini nyingi za Honda zenye belti pia. Kwa dizeli jibu ni fupi: mbano wake ni mkubwa mno kiasi kwamba karibu zote hugonga, zikiwemo 2L, 3L na 5L za Hilux na Hiace, 1KZ, 1HZ ya Land Cruiser na 4D56 ya Mitsubishi. Probox, Vitz na Fielder zenye 1NZ-FE hutumia cheni badala ya belti, hivyo fundi akikuambia belti ya taimingi ya 1NZ imekatika, mwombe akuonyeshe anachozungumzia.

Ikiwa injini yako haigongi, na ilizimika tu bila kupatwa na joto kali, uamuzi wa injini umekwisha karibu wote. Unahitaji belti mpya na vinavyoandamana nayo, kazi ya siku moja kwa fundi mzoefu, na sina sababu ya kukushauri uache kuitengeneza kwa ajili ya injini pekee. Rukia moja kwa moja kwenye suala la kutu.

Kuchungulia kabla ya kufungua hedi

Kwa injini ya kugonga, wengi huambiwa kwamba lazima hedi ishushwe ndipo ijulikane kilichoharibika. Si lazima, na kazi ya kuishusha na kuirudisha, pamoja na gasketi mpya, ni gharama isiyorudi hata ukiamua baadaye kuliuza gari. Kuna kipimo kinachoweza kufanywa na fundi yeyote mwenye kompresa ya upepo na mpira wa kufungia kwenye tundu la plagi, au la glopulagi (plagi ya kupasha joto) kwa dizeli.

Kwanza krenkshafti izungushwe kwa mkono mpaka pistoni zote za injini ya silinda nne ziwe katikati ya safari yake, yaani robo mzunguko kutoka kwenye alama ya juu kabisa. Katika hali hiyo hakuna pistoni iliyo juu, na kamshafti inaweza kuzungushwa peke yake bila valvu kugusa kitu. Kisha kamshafti izungushwe hadi valvu zote za silinda inayopimwa zifunge, krenkshafti ishikiliwe kwa spana isisukumwe, na upepo upulizwe ndani. Hapo masikio ndiyo kipimo. Upepo ukisikika kwenye njia ya kuvutia hewa, valvu ya kuingiza imepinda au haikai kwenye kiti chake. Ukisikika kwenye ekzosi, ni valvu ya kutoa moshi. Ukisikika kwenye tundu la kutilia oili, tatizo ni ringi za pistoni au ukuta wa silinda, na hilo ni uchakavu uliokuwapo kabla ya belti kukatika. Mapovu yakitokea kwenye rejeta, shuku gasketi au ufa katika hedi. Ringi huvujisha kidogo hata katika injini nzima, lakini valvu iliyopinda huvuma kwa sauti ambayo hutaikosa.

Andika matokeo ya kila silinda kwenye karatasi. Silinda moja yenye valvu zilizopinda na nyingine tatu zilizo kimya ni habari njema kwa gari kuukuu. Silinda zote nne zikivuma kwenye ekzosi na oili pia ikipumua, hiyo ni injini iliyokuwa imechoka, na kubadilisha valvu peke yake kutaifufua kwa muda mfupi tu. Kamera nyembamba ya kuunganisha na simu, inayopenya kwenye tundu la plagi, husaidia pia kuona uso wa pistoni: alama ndogo ya kung'aa yenye umbo la mwezi mchanga si jambo la kuogofya, ila pistoni iliyochimbika au kupasuka ni lazima ibadilishwe. Kwa dizeli, hatari nyingine ni fimbo ya pistoni kupinda, na hiyo hupimwa hedi ikishashuka kwa kulinganisha kimo cha kila pistoni inapofika juu kabisa. Ile iliyo chini kuliko wenzake imepata fimbo fupi.

Hedi ikishushwa, kazi yenyewe ni kubadilisha valvu zilizopinda, kukagua mabomba yanayoziongoza, kuzisugulia valvu kwenye viti vyake mpaka zifunge, kuipima hedi kama imepinda au ina ufa na kuisaga ikihitajika, kisha kufunga gasketi mpya. Boliti za hedi katika injini nyingi hurefuka zinapokazwa, hivyo ama zipimwe urefu au zinunuliwe mpya. Nakusihi uipeleke hedi kwenye karakana yenye mashine, hata kama ni lazima isafiri kilomita 120 hivi kwenda Mombasa, kwa sababu hedi ya alumini iliyosuguliwa kwa msasa juu ya meza huchoma gasketi tena, na kazi yote hurudiwa.

Kutu ndiyo yenye neno la mwisho

Hapa ndipo watu wa pwani tunapotofautiana na wa bara, na ndipo ninaposisitiza kuliko mahali popote. Gari lililoishi miaka 10 Malindi, likilala karibu na ufuo au likipita kila siku kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni, haliwezi kupimwa kwa injini yake. Jirani yangu alikuwa na pikapu ya 3L ambayo belti yake ilikatika Mambrui. Alilisukuma kwanza, akapiga stata mara kadhaa, na valvu zikapinda. Alitengeneza hedi vizuri, kwa mashine, kwa valvu mpya, na injini ikawa tamu. Kabla ya mwaka kwisha, chesesi ilikatika pale inaposhikilia springi ya nyuma, na gari likaegeshwa uani likiwa na injini nzima ambayo ameshindwa kuifaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi wa injini, liinue gari, ulale chini yake na tochi na bisibisi ya zamani. Gonga chesesi kwa mpini na usikilize: chuma kizima hulia, chuma kilichooza hufifia kama mtungi wenye ufa. Bonyeza kwa ncha mahali springi na shokomzoba zinaposhikwa, pembe za ndani za milango kwa chini, sakafu chini ya miguu ya dereva, na njia za mabomba ya breki. Rangi iliyovimba kama lengelenge juu ya boneti ni suala la sura tu. Bisibisi inayozama kwenye chesesi ni suala la uhai, na mtu akikuahidi kuifunika kwa bati na rangi nyeusi ya lami, jua kwamba hajatengeneza kitu. Nikikuta tundu mahali panaposhikilia gurudumu, mimi siendelei na mazungumzo ya belti, hata kama injini ni ya 5A-FE na inahitaji mpira mmoja tu.

Hesabu inayopaswa kuandikwa

Ukishajua hali ya injini na ya mwili, chukua karatasi na uandike kiasi ambacho gari lako, kama lilivyo kwa umri na sura, lingeuzwa leo Malindi likiwa linatembea, na kiasi ambacho mtu angekupa leo likiwa limezimika. Tofauti ya hizo mbili ndiyo thamani ambayo matengenezo yanaiongeza. Kwa mfano tu, tuseme likiwa zima ni shilingi 380,000 na likiwa limezimika ni shilingi 150,000. Tofauti ni 230,000. Kama hedi na belti zitagharimu 110,000, na unajua kwamba tairi na shokomzoba zinazohitajika mwaka huu zitagharimu 60,000, jumla ni 170,000 na matengenezo yanajilipa. Ongeza kazi ya chesesi ya 90,000 na jumla inafika 260,000, na hapo unatoa zaidi ya unachopata.

Gharama za karibuni ambazo gari lingezidai hata kama belti isingekatika lazima ziingizwe, na watu wengi huziacha kwa sababu zinaumiza. Kwa upande wa pili, usisahau kwamba gari jingine la shilingi 380,000 lina siri zake. Sheria ya Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini, kwa hiyo lililofika likiwa na miaka 7 na kukaa hapa miaka 10 linaweza kuwa na belti yenye miaka 17 ambayo hakuna aliyeigusa. Gari lako unalijua; unajua giaboksi yake, unajua linavyokunywa oili, na ujuzi huo una thamani. Ikiwa lina kazi ya kila siku, kama kubeba samaki kutoka Ngomeni au wageni kwenda Watamu, hesabu pia siku ambazo litasimama, ukikumbuka kwamba spea isiyopatikana Malindi italetwa na basi kutoka Mombasa au kutoka Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi.

Bima haitakusaidia, kwa kawaida. Hata ile kubwa inayofidia ajali huacha nje uharibifu wa kimitambo na uchakavu, kwa hiyo usijenge uamuzi juu ya fidia ambayo haijaahidiwa kwa maandishi.

Injini ya mtumba ni njia halali pale silinda zote zinapovuja. Lakini nayo hufika na belti yake ya zamani, na mtu anayeifunga bila kuibadilisha anarudia alichokimbia. Belti, pampu ya maji na sili zibadilishwe injini ikiwa bado chini, ambapo kila kitu kinafikika. Namba yake ni tofauti na iliyoandikwa kwenye logibuku, hati ya umiliki wa gari, hivyo dai risiti na karatasi zake za kuingia nchini na usajili badiliko hilo NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya kulitembeza gari.

Ukiamua kuliachia, liuze likiwa limezimika na umwambie mnunuzi kilichotokea, pamoja na karatasi ya vipimo vya silinda. Karatasi hiyo huongeza bei, kwa sababu mnunuzi hahitaji kukisia mabaya. Uhamisho wa umiliki ukamilishwe kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, siku ile ile ya malipo, maana gari linaloondoka na jina lako litaendelea kukudai.

Ukiamua kulitengeneza

Uliza kwanza kwa nini belti ilikatika. Umri ni sababu mojawapo. Kwa injini nyingi za Kijapani muda wa kuibadilisha ni kilomita 100,000 au pungufu, na mpira huzeeka hata gari lisipotembea. Taa ya T-BELT kwenye dizeli za Toyota hukumbusha, ila dashibodi iliyobadilishwa au kilomita zilizorudishwa nyuma huifanya isiaminike. Sababu nyingine ni oili inayovuja kwenye sili ya kamshafti au ya krenkshafti na kuulowesha mpira, beringi ya tenshena (kikaza belti) iliyokwama, au pampu ya maji iliyokaza. Yangu ilikuwa tenshena. Kama ningefunga belti mpya peke yake, ingenyolewa meno tena kabla ya mwezi kwisha. Kwa hiyo belti, tenshena, puli zake, pampu ya maji pale inapozungushwa na belti hiyo, na sili zote za mbele zinunuliwe pamoja. Kwa 4D56 na nyinginezo zenye belti ndogo ya pili ya kusawazisha mtikisiko, hiyo nayo ibadilishwe, kwa sababu ikikatika huingia chini ya ile kubwa.

Patana na fundi kwa maandishi, hata kama ni mistari mitatu kwenye daftari: bei ya kazi, spea zinazonunuliwa na nani anazinunua, na kwamba vilivyotolewa utakabidhiwa vyote. Belti ikishafungwa na alama za puli zikalingana, simama hapo mwenyewe wakati krenkshafti inazungushwa kwa spana mizunguko miwili kamili, kisha alama zitazamwe upya. Zikirudi mahali pake bila kukwama, stata inaweza kupigwa. Baada ya safari ya kwanza, injini ikiwa bado na joto, pima kompresheni, yaani mbano, ya kila silinda. Injini nyingi nzima za petroli husoma baina ya psi 140 na 190, na usawa wa silinda zote ni muhimu kuliko ukubwa wa namba. Halafu chukua rangi nyeupe na uandike tarehe na kilomita juu ya kifuniko cha belti, mahali ambapo fundi atakayefungua boneti baada yako ataziona.